Pikipiki ya Mélanie Inaruka

Jumatatu, 5 Juni 2023
Leo nimepanda pikipiki ya Mélanie. Mara ya kwanza tangu tumzike. Nilitaka tu kufika shuleni Bagira. Nikizungusha mshiko wa gesi kidogo, inaruka mbele. Nikiachia, inakwama. Kwenye mashimo ndiko kubaya zaidi — kama mbuzi anayevutwa sokoni.

Mélanie, mke wangu, alikuwa akiniambia hivyo hivyo. Inaruka. Alimwambia pia Cirhuza, binamu yake, fundi wetu. Cirhuza akacheka mbele ya gereji nzima. "Dada, hii pikipiki iko muzima. Ni mukono yako."

Kwenye mshiko wa kulia bado kuna kipande cha kitenge alichofunga Mélanie ili kiganja kisichubuke. Sikukitoa.

Jumatano, 7 Juni
Nilidhani mafuta yana maji, haya ya bidoni, madumu ya kando ya barabara. Nimeyamwaga. Nimeosha kabureta, nimebadilisha buji, ile plagi ya cheche. Binti yetu Gloire ameuliza nimejifunzia wapi. Kwa mama yako, nimesema. Mélanie aliinamisha sikio kwenye injini kama alivyosikiliza kifua cha mtoto kwenye zahanati.

Bado inaruka.

Alhamisi, 8 Juni
Mama mkwe, maman Cibalonza, amepita. Jumamosi tunaondoa matanga. Ameomba kwa upole Cirhuza ndiye asimulie tena jinsi marehemu alivyokufa, maana siku ya mazishi alieleza vizuri.

Vizuri! Alisimama mbele ya padri na majirani, akasema Mélanie alipofika kwenye ile kona akitoka Walungu aliogopa, akakaza gesi badala ya kuiachia, pikipiki hii ikatoka barabarani. Eti wanawake hufanya hivyo. Watu wakatikisa vichwa. Tangu siku hiyo kosa ni lake, na Bagira nzima inalijua. Miaka sita alipeleka chanjo vijijini kwa barabara hiyo, mvua na vumbi — na wanamkumbuka kwa kona moja.

Nimemjibu mama mkwe kwamba nitafikiri. Amenitazama kama mgonjwa.

Ijumaa, 9 Juni
Nimekaza mnyororo. Si mnyororo.

Baadaye niliiwasha uani, gia huru. Nikageuza usukani kushoto niiegemeze ukutani — injini ikapanda yenyewe. Sikugusa gesi. Nikarudisha katikati, ikatulia. Kushoto tena. Ikanguruma.

Nikaondoa tanki. Waya wa gesi si wake. Ni mfupi, wa pikipiki nyingine, umepitishwa upande usiofaa wa shingo ya usukani. Ukikunja kushoto unavutwa, gesi inafunguka. Ndiyo maana kila ukikwepa shimo inaruka.

Cirhuza ndiye aliyeuweka, kabla ya Pasaka. Hata alijisifu: sasa itapanda milima bila kuchelewa.

Ile kona, ukitoka Walungu, inakunja kushoto.

Nimekaa chini kwenye saruji. Gloire ameleta chai. Imepoa.

Jumamosi, 10 Juni
Wageni bado wako uani. Nimeingia chumbani, naandika nimesimama.

Asubuhi nilimvuta Cirhuza pembeni, nikamwonyesha waya. Sikutaka aibu yake, nilimwambia. Nilitaka tu aseme mwenyewe, kwa maneno yake. Akanishika mkono.

"Papa Gloire, mufu amekwisha zikwa. Munataka munizike na mie?"

Kwa alivyonishika mkono, nikadhani ameelewa. Baada ya sala akasimama mbele ya watu — na akasimulia yale yale. Kona. Hofu. Mkono wa mwanamke. Gloire alikuwa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Sikupiga kelele. Nilisukuma pikipiki hadi katikati ya viti, nikaiwasha. Nikamwomba Cirhuza ageuze usukani kushoto, bila kugusa gesi. Alisema hapa si gereji. Wazee wawili wakaniambia nikae, nimechoka, niheshimu siku.

Maman Cibalonza ndiye aliyeinuka. Hajawahi kushika pikipiki maishani mwake. Akauliza: "Hivi?" — akageuza.

Injini ikapiga yowe uani kote. Watoto wakaziba masikio. Akaitazama mikono yake, mbali na gesi. Akarudisha. Ikatulia. Akageuza tena. Cirhuza akaanza kusema kitu, hakuna aliyemgeukia.

Hapo ndipo nilipoingia ndani. Naisikia kutoka hapa. Inapanda, inatulia, inapanda. Bado anageuza, na hakuna anayethubutu kumwambia aache.