Udongo Juu ya Tembe

Jumatatu, 27 Novemba 1911
Nimesaga uwele, nimekamua mbuzi, nimepandisha udongo juu ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo. Mvua inanukia na paa lina nyufa. Kiuno kimekufa. Mama mkwe yuko chini ananielekeza kwa fimbo: hapa ongeza, pale shindilia. Chumba cha mwisho hataki niguse. Eti cha mizimu. Kila jioni anaingiza humo bakuli la ugali, kisha anakomea mlango. Mizimu ya huku inakula mpaka ukoko. Kwetu Mpwapwa ningecheka. Hapa sina wa kucheka naye, jirani yuko mbali mno.

Jumanne, 28 Novemba
Nimeuliza ni mizimu gani inayokohoa. Masinga amenipiga kwa mpini wa jembe. Jino limetoka. Mume gani huyu. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuo cha baba. Humu ndani hakuna anayezisoma.

Jumatano, 29 Novemba
Mama mkwe alikwenda kisimani. Nikapanda na jembe juu ya chumba kile. Mguu ukazama kwenye paa, mkono ukaudaka kutoka chini. Mkono wa mtu, wenye makucha. Ukanivuta mpaka pajani. Nikaukata kwa jembe, tena na tena, mpaka ukaachia. Vidole vilibaki juu. Huko chini akalia, "Mama. Mama."

Masinga amenieleza. Ni kaka yake Chilongani, askari aliyemuua Mdachi, mkubwa wake wa jeshi, akatoroka. Bomani wangemnyonga na kulichoma tembe. Basi wakazika ndama ndani ya sanda badala yake, wakanyoa vichwa, wakakaa matanga. Yeye wakamfungia. Giza limemharibu akili. Mke wa kwanza wa Masinga, niliyeambiwa alikufa kwa uzazi, alikabwa shingo na mikono ile alipompelekea maji.

"Sasa unajua," akasema. "Ukifungua mdomo utamfuata."

Alhamisi, 30 Novemba
Mama mkwe ameshikwa na mgongo, hainuki. Masinga amesema kesho bakuli litapelekwa na Mwanaidi, binti yangu. Eti Chilongani hana neno na watoto. Mwanaidi hajang'oka hata jino moja la utoto. Nimesema nitapeleka mimi. Amekataa, kwa kuwa nimemkata vidole. Namchukia. Nawachukia wote.

Adhuhuri mvua ikaanza. Nikachukua kikapu. Nimepandisha udongo wa kichuguu juu ya chumba cha mwisho, mzito, umelowa chepechepe. Masinga alidhani naziba tundu nililotoboa. Akasema vizuri, ongeza. Nikaongeza mpaka giza.

Ijumaa, 1 Desemba
Paa limeshuka asubuhi, kabla ya bakuli. Boriti zote kwa pamoja. Chilongani alipiga ukelele mmoja tu. Masinga alifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Kichwa kilikuwa kimepondeka. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikumbuka aliniambia niongeze, maana hakunigusa.

Jumapili, 3 Desemba
Mvua imekatika. Masinga amemzika kaka yake palepale alipolala. Wachungaji wanapita bondeni, kwa hiyo mama mkwe hawezi kulia kwa sauti. Matanga ya mwanawe yalikaliwa zamani, na watu walikuja. Ameuma kaniki, mabega yanatikisika. Nimempelekea uji. Nimesema shikamoo mama. Ameitikia marahaba. Nimekaa naye mkekani, kwa kuwa hakuna mwingine wa kukaa naye. Hakunywa. Mwanaidi amekunywa wake, akaomba na wa bibi, nikampa.