Kina Mama Wamemwombea Jeconia

Nduta, siamini. Ile novela yangu ya kutisha, inayotokea Lindi mwaka 1974, leo nimewasomea kina mama wa kanisa huku Kawangware

Si unamkumbuka Jeconia, shujaa wangu wa kufukuza mapepo anayeishia kula waumini wake? Kufika hapo, Auntie Filister akanikatiza. "Ngoja kwanza. Huyu kijana ameombewa?"

Nikamwambia Auntie, huyo nimembuni tu

"Ndio, lakini ameombewa?"

Nduta, walipiga magoti wote. Karatasi zangu wakazipaka mafuta. Auntie alilia kabisa

Sasa niko kwa nyumba najaribu kuandika vile Jeconia anachomwa moto mwishoni, na mkono umekataa

Halafu Auntie ametuma meseji: "Jeconia anaendeleaje?"

Nimemjibu ana nafuu kidogo