Spika Ndogo Chini ya Kitenge

Jumamosi, 14 Septemba. Asubuhi ya baridi. Upepo umeanza kabla ya jua, na vumbi limeshapita chini ya mlango.

Mpendwa Baba Neema,

Usiku kucha sijalala, na leo lazima niamue. Muuza spika wa Majengo amenishikia zile ndefu za kusimama sakafuni mpaka jioni. Nikizitaka nimpelekee zako mbili ndogo za rafuni, nimwongezee fedha, anipakilie kwenye bajaji nirudi nazo nyumbani Msalato, karibu na uwanja wa ndege. Ningekuuliza wewe. Mambo ya spika yalikuwa yako.

Unakumbuka siku ulipozileta? Mimi nilitaka sabufa kama la jirani. Ukacheka. "Mama Neema, sabufa linabweka. Hizi zinaongea." Ukapigilia rafu mwenyewe, ukapima kwa kamba hadi kwenye kochi, ukanikalisha katikati kama mgonjwa anayesubiri sindano. "Sasa nyamaza. Sikiliza besi." Niliposema sisikii tofauti yoyote, ulinitazama kama nimemtukana mama yako.

Mwalimu wa kwaya naye ulimchosha. Ubeti wa tatu mlianza besi peke yenu, wanaume watatu, na kila Jumapili ulitangulia kabla mkono wake haujashuka.

"Besi, mnakimbilia wapi?"

"Tunawafungulia mlango, mwalimu!"

Sisi wa sauti ya kwanza tulishindwa kuimba kwa kicheko. Hata siku ya kurekodi ulitangulia. Rekodi hiyo ndiyo pekee iliyobaki na sauti yako, imo kwenye flashi. Ujumbe wa sauti kwenye simu hukuupenda, ulisema ni kuongea na ukuta.

Siku tuliyokuzika, dada yako Yudithi alizifunika spika kwa kitenge chake kizito. "Wifi, hizi zisilie mpaka tuanue matanga." Tukaanua. Watu wakabeba masufuria yao wakaenda. Kitenge nikakiacha. Mkono ulikuwa unafika pale, unarudi. Niliona kwamba nikikitoa, nitakuwa nimeumaliza msiba kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo nilianza kukusikiliza hivyo hivyo, kitenge kikiwa juu. Mwanzoni ulikuwepo. Mwaka huu sauti zenu watatu zimechanganyika. Nilikaa katikati ya kochi, nikafumba macho, nikarudia ubeti wa tatu, nikarudia tena. Sikukupata. Baba Neema, nilisahau sauti yako. Uso wako ninao ukutani, nikiusahau nautazama. Sauti nilidhani itakaa yenyewe. Sikumwambia mtu, hata Neema aliponipigia kutoka shuleni. Ningemwambiaje kwamba simjui tena baba yake akiimba? Nikajiambia ni spika zimechoka, ni ndogo mno, haziwezi kubeba besi.

Jana nikaenda Majengo na flashi mkononi. Muuzaji ni mtu wa Kondoa, mwingi wa utani. "Mama, hizi zikifungwa Msalato, ndege zitakuomba wewe ruhusa ya kutua." Akaweka wimbo wetu. Kifua kikatikisika, vioo vya kabati vikalia, mwenye bajaji barabarani akageuza shingo. Nikashika kaunta.

"Umeipata besi, mama?"

Nikasema nimeipata. Kweli niliipata, nzito kama lori la mahindi la Kibaigwa likipandisha mlima. Mtu ndiye sikumsikia. Lakini nilijiambia labda nikifika nazo nyumbani, nikizizoea, nitakutambua. Nilikuwa radhi kununua chochote.

Hapa niliweka kalamu chini, nikaondoa kitenge ili nizifungashe. Upande wa juu kilikuwa chekundu kwa vumbi, kizito kama zulia, upande wa chini rangi zake bado mpya. Kabla ya kuchomoa nyaya nikaona nizijaribu, muuzaji asije akasema nimemletea mbovu. Nikachomeka flashi. Ubeti wa tatu ulipokaribia, mtu akavuta pumzi. Kisha sauti moja ikaingia peke yake, mbele kidogo ya wenzake.

Wewe.

Nikakaa sakafuni pale pale. Nikakurudisha, ukatangulia. Nikakurudisha, ukatangulia tena. Nimelia mpaka jirani akagonga ukuta.

Muuzaji nimempigia, nikamwambia amuuzie mwingine.

"Kwani zile ndogo zimepona?"

"Zilikuwa zimefunikwa."

"Ah, mama! Unaifunika spika halafu unalalamika husikii?"

Akacheka sana. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu tu.

Usidhani nimefurahi. Jana nilikuwa nimepoteza sauti yako, leo nimeipata na nimegundua kwamba haitoshi. Unasikika mzima, una pumzi kifuani, halafu ubeti unaisha na nyumbani hupo. Kumbe kile kitenge kilikuwa kinakuweka mbali kiasi ambacho ningeweza kuvumilia. Sasa hakuna kilicho kati yetu, na sijui nifanye nini. Nikizima, kimya kinaniumiza. Nikiwasha, unavuta pumzi, nami naanza kukungoja. Vumbi nalo halina huruma, nisipozifunika zitakufa. Nitazipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kibichi, kama ulivyonifundisha, kuanzia juu kushuka.

Kitenge nimekikung'uta, nikakikunja. Nitampelekea Yudithi mwenyewe, nitamwambia nami sasa nimeanua matanga. Sijui kama nitaweza kulitamka neno hilo bila kumwangukia kifuani.

Umetangulia, baba, kabla mkono haujashuka, kama kawaida yako. Huo mlango uliokimbilia kuufungua, usiufunge.

Mkeo,
Mama Neema

Naongeza jioni: saa saba mchana usingizi ulinichukua, kwenye kochi, pale katikati uliponikalisha.