Tairi la Nyuma

Leipzig, 9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Baba naye mpe shikamoo yake. Mguu wa kushoto umeanza kusikia? Nakuandikia maana kwenye simu tunaishia kulia wote. Tangu apate kile kiharusi sina usingizi. Kazini nawakanda miguu wazee wa watu, na mguu wa baba yangu mkono wangu haufikii. Likizo wamesema mpaka Desemba.

Kujituliza nimejiundia baiskeli. Gia yake ya nyuma haiachii: tairi likienda, pedali nazo zinaenda, hakuna kupumzika. Jana kwenye mteremko nilijisahau, nikaacha kukanyaga kama nilivyozoea kwenye baiskeli ya baba, ile Phoenix. Weee! Pedali zikanibeba miguu, mama, nusura niende chini. Sasa naanza kuzoea. Ila kila nikiteremka naikumbuka njia yetu ya kanisani, baba mbele ameachia usukani anaimba.

Mwanao,
Diana

Nkoaranga, 2 Aprili

Diana mwanangu,

Marahaba. Mvua imeanza, migomba inapendeza. Baba yako mzima wa mdomo tu, mguu bado gogo. Daktari wa mazoezi kasema niuchezeshe kila siku, mwenyewe hataki, eti namkunja kama kuku wa sikukuu.

Na wewe, baiskeli gani hiyo isiyokupa hata pumzi? Huko Ulaya wamekosa mateso mengine? Nilipomsomea barua yako alicheka, mara ya kwanza tangu augue. Kisha akasema, “Rudia hapo pedali zilipombeba miguu.” Nikarudia. Jioni hiyohiyo akamwita Lerionka, fundi baiskeli. Haya, tueleze, hiyo gia inafungwaje? Usiogope, haendi nayo barabarani.

Mama yako

Leipzig, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimesoma nimelia, halafu nimecheka. Lerionka aichomelee gia ya nyuma ya ile Phoenix ishikane na gurudumu, basi. Baiskeli isimame kwenye stendi yake, tairi lisiguse chini, muifunge kwenye nguzo ya baraza. Miguu ya baba ifungeni kwenye pedali kwa kanga. Kisha wewe zungusha tairi kwa mkono. Polepole, mama. Ningekuwepo ningezungusha mimi.

Diana wenu

Leipzig, 15 Juni

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Kwenye simu ni “tuko salama” halafu mnakata. Kama kuna baya, niambie. Nimewakumbuka mpaka naumwa.

Diana

Nkoaranga, 3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na la kukuambia. Asubuhi na jioni nakaa kwenye kigoda nyuma nazungusha tairi, baba yako yuko juu, miguu yake inakwenda kwa mkono wangu. Uso kaugeuzia njia unayojia wewe. Siku nyingine nalia nyuma ya mgongo wake, haoni.

Jana nilichoka, nikatoa mkono nijifute jasho. Tairi likaendelea. Nikajua litasimama tu. Halikusimama. Nikainama nikautazama mguu wa kushoto: msuli umekaza, unakanyaga!

Nikamuuliza baba yako, “Nathanael, ni wewe?”

Alikuwa anahema, anakanyaga. Nilipomshusha akasema, “Mwambie Diana, Desemba akifika asiingie ndani. Anisubiri getini, nitamfuata.”

Kutoka kitini hadi getini unakujua kulivyo mbali kwake. Amekwishaanza kujaribu, leo amefika mlangoni, akaniita nikamshike.

Njoo, mwanangu. Usubiri getini.

Mama yako