Gari Lako la Umeme na Laga ya Garbatulla

Mjukuu wangu Halima, salaam aleikum. Huku Chechelesi tuko salama, ila mbuzi wamekonda. Unauliza kama hilo gari la umeme, lenye mbio na linalovuta kwa magurudumu yote manne, litawafaa watoto wako.

Kaka yangu Abdi alikuwa na gari lililovuta hivyo. Siku moja tukienda Garbatulla, tulikuta laga, ule mto wa msimu, iliyokuwa kavu imefurika. Mama na mimi tukashuka.

"Tungoje maji yapungue," Mama akasema.

"Gari hili halikwami," Abdi akacheka, akaingia majini nalo. Mama alimwita sana, lakini injini ilinguruma, asimsikie. Maji yaliliinua gari, yakaondoka naye. Mwili tuliupata mbali, umefunikwa mchanga.

Linunue. Umesema halina kelele. Aliye nyuma akikuambia ungoje, utamsikia.

Nyanya yako, Hawo