Sukari ya Lumbesa

Zahanati ya Kisaka, Serengeti
9 Januari 1983

Tata wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni unaota jua, si kitandani. Mimi sijambo, ila miguu inauma, maana wagonjwa wa mwezi huu ni wengi kuliko benchi zetu.

Shangazi Boke alipita hapa wiki iliyopita. Kasema umekonda mpaka umetoboa mkanda matundu mawili mapya, na mtungi wa maji unaumaliza kabla ya mchana. Tata, nakuomba kwa mara ya tano: nenda hospitali ya wilaya wakupime mkojo. Mimi ni muuguzi, hali hiyo naijua, na wewe unaijua pia kwa sababu Mama alianza vivyo hivyo. Najua utasema ni sindano iliyomuua. Hilo sitabishana nawe kwenye karatasi, wino wenyewe ni wa kutafuta.

Sasa jambo la pili, na tafadhali kaa chini kwanza. Kuna mama mmoja Mzungu alikuwa anachunguza fisi huko hifadhini. Kazi yake imekwisha, anarudi kwao, na ana paka wawili wenye ugonjwa wa sukari. Ndiyo Tata, paka nao wanaupata. Wenzake waliamua siku ya kuondoka wawachome sindano ya kuwaua. Nilikuwa nimeitwa kusaidia, nimesimama pale na chupa ya spiriti mkononi, nikajisikia nasema, "Nitawachukua mimi." Mganga wetu amenipa siku saba kuwaondoa zahanati.

Nawatuma kwako na Method, dereva wa lori la pamba, wakiwa kwenye tenga la kuku. Dawa zao zimo humo. Alizinunua yule mama mwenyewe, hazikutoka kwa mgonjwa yeyote. Maelezo nimeyaandika kwa herufi kubwa.

Usinikasirikie sana.

Mwanao,
Wegesa


Itiryo, Tarime
23 Januari 1983

Kwa binti yangu Wegesa,

Marahaba. Mimi ni mzima kabisa na mkanda ni wangu, nitautoboa ninavyotaka. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, cheti cha kisomo kiko ukutani, kwa hiyo usifikiri kuna mtu wa kunipunguzia maneno.

Mabinti wa wenzangu huwatumia baba zao blanketi. Mwingine alituma redio. Wewe umenitumia paka wagonjwa! Tena Method alinikabidhi tenga mbele ya watu wote wanaosubiri kikao, akasema kwa sauti, "Mzee Machage, hawa wanachomwa sindano mara mbili kwa siku." Wanaume wa kijiji hiki hawajacheka hivyo tangu bwana shamba aliyetumwa na wilaya aanguke kwenye josho la ng'ombe.

Nasema wazi. Mimi nimewachoma ng'ombe sindano tangu kabla hujazaliwa, kwa sababu ng'ombe ni mali. Paka si mali. Halafu sindano ndani ya nyumba hii ilikwisha na mama yako. Siku tatu tu tangu wamchome, nikarudi naye amelazwa ndani ya lori. Nitawafungulia hawa paka wajitafutie panya.

Tata yako,
Machage

N.B. Sikuituma barua jana kwa sababu Method hakupita. Yule mnene amelala kitandani kwangu, hajasimama tangu asubuhi. Alikunywa bakuli zima la maji, akajikojolea palepale, akanitazama. Nimewahi kutazamwa vile na mtu mwingine, kitanda hichohicho. Nikayasoma maelezo yako, ili tu nijue kama kusoma kwangu bado kuko sawa. Nimemchoma. Kama atakufa, utakuja kumzika wewe.


Zahanati ya Kisaka
2 Februari 1983

Tata wangu,

Shikamoo sana. Nimesoma N.B. yako nikiwa chumba cha dawa, ikabidi nifunge mlango nilie kidogo, halafu nikacheka. Umefanya vizuri kupita kiasi.

Endelea hivyo. Dawa ikae kwenye chungu kidogo ndani ya beseni la mchanga uliolowa, kivulini, isipate joto. Sindano uichemshe kila mara. Ugali wasile, wape dagaa na mabaki ya nyama, wale kwanza ndipo uwachome. Na ukimwona mmoja anayumbayumba kama mlevi, ujue dawa imezidi. Mpake sukari kidogo kwenye ufizi, mara moja. Nimekuwekea sukari yangu ya mgao ndani ya kiberiti kitupu. Ni dawa, usiitie kwenye chai.

Na wewe je? Mkanda?

Mwanao,
Wegesa


Itiryo
6 Machi 1983

Kwa Wegesa,

Marahaba. Huku mvua inanyesha, mahindi yamefika magotini, mimi mzima.

Hawajafa. Yule mnene nimempa jina Lumbesa, maana ni gunia lililojazwa mpaka likashonewa nyongeza. Yule mwembamba ni Bwana Shamba. Kila asubuhi anatembea mistari yote ya mahindi akikagua, harudi na kazi yoyote, halafu anadai chakula.

Saa nawapimia kwa redio ya jirani Simioni. Ikilia ngoma ya taarifa ya habari asubuhi, Lumbesa anakuja mwenyewe, anageuza shingo. Jioni vilevile. Simioni naye siku hizi hasikii habari, anakuja kuangalia paka. Juzi mkewe, Philomena, aliniuliza mbona paka wangu wanakula dagaa wa Musoma na mimi nakula mlenda. Nikamwambia aniache.

Manyoya ya Lumbesa yamerudi. Jana alikamata panya, akamweka ndani ya kiatu changu. Nilivaa kabla ya kuangalia.

Maji bado tunashindana kwenye mtungi, ila sasa naona mimi nimewashinda wote wawili. Ni joto tu.

Kuna jambo moja linanisumbua. Nimewawekea boksi la majivu pembeni ya mlango wajisaidie humo. Sisimizi wamelijaa! Wanatoka mbali, wamejipanga mstari kama watu wa duka la kijiji siku ya mgao. Nimemwaga maji ya moto, wanarudi. Wanatafuta nini kwenye mkojo wa paka?

Tata yako,
Machage


Zahanati ya Kisaka
20 Machi 1983

Tata wangu,

Shikamoo. Hapa tuko salama, nimepata chandarua kipya.

Kuhusu sisimizi: wanatafuta sukari, na wanaipata. Mwili wa mgonjwa wa sukari unashindwa kuitumia ile sukari ya chakula, inatoka na mkojo. Watu wa zamani waliutambua ugonjwa huu kwa sisimizi kabla ya kuwepo hospitali. Dawa ikitosha wanapungua, kwa hiyo Lumbesa na Bwana Shamba mwongezee kila mmoja alama moja ya bomba la sindano. Moja tu.

Tata, umeona kwa macho yako sindano inavyomwinua aliyelala. Utaenda lini hospitali? Usinijibu habari za joto.

Mwanao,
Wegesa


Itiryo
1 Mei 1983

Kwa binti yangu Wegesa,

Marahaba. Nimekaa kimya wiki nyingi, na wiki hii nimekuwa mhujumu uchumi. Ngoja nikueleze.

Unajua msako ulivyo sasa. Kila anayelangua anatafutwa, na sisi wa mpakani ndio kabisa, wanasema tunavusha sukari ya magendo kutoka ng'ambo. Mtu mmoja hapa alimwaga mafuta ya kupikia mtoni kwa hofu, watoto wameoga ngozi zinang'aa. Dukani kwetu sukari haijaonekana tangu Krismasi. Sasa Jumanne mwenyekiti wetu, Nyangwine, akapita mbele ya nyumba yangu. Akaona mstari wa sisimizi unaingia mlangoni. Akasimama. Akaenda zake bila kunisalimu, mimi nikajua kuna jambo.

Jumatano asubuhi akaja na mgambo wanne, mbele yao Matiko na bunduki yake isiyo na risasi. Nyuma yao nusu ya kijiji. Nyangwine akasema, "Mzee Machage, nakuheshimu, umri wako ni wa baba yangu. Toa magunia kwa hiari."

Nikamuuliza, "Magunia gani?"

"Sisimizi hawasemi uongo, mzee."

Nikamwambia afuate sisimizi wake. Akapiga magoti, mwenyekiti mzima na shati lake la kikao, akafuata mstari mpaka kwenye boksi la majivu. Akatia vidole. Akanusa. Akaonja! Wegesa, naapa alionja. Akasema, "Ni sukari hii, ila imeharibika." Nikamjulisha ni nini. Philomena alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa akakasirika. Wakapekua nyumba nzima, wakapata kiberiti chako cha sukari. Matiko akakiinua juu watu waone. Nikasema ni dawa ya paka. Nani angekubali? Nilikuwa nimeshafungwa kamba mkono mmoja. Kwa bahati redio ya Simioni ikalia ngoma ya taarifa ya habari. Lumbesa akashuka kutoka darini, akapita katikati ya mgambo, akaja miguuni pangu, akageuza shingo. Nikamwambia Matiko, "Nifungue mkono, mgonjwa anasubiri." Akanifungua. Nikachemsha, nikapima, nikamchoma, nikamchoma na Bwana Shamba, mbele ya kijiji chote. Hata Nyangwine alivua kofia.

Hapo ingekuwa mwisho, ila Matiko alikuwa nje, akaita, "Mwenyekiti, kuna mstari mwingine!" Kweli, sisimizi wengi kuliko wale wa mlangoni, wanaelekea nyuma ya ghala. Pale paka hawafiki, kuna mbwa wa Simioni. Nyangwine akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Wakaleta majembe. Wakachimba mpaka magotini, wakitafuta gunia. Hakuna kitu, udongo na sisimizi tu.

Nyangwine akahema, akaniuliza, "Mzee, hapa umefukia nini?"

Nikamjibu, "Sijafukia. Hapa ndipo ninapokojoa kila asubuhi."

Akaanza kunisomea sheria ya kila kaya kutumia choo. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Halafu kicheko kikaniishia peke yangu, nikakaa kwenye ukingo wa lile shimo.

Wameondoka wakaniomba radhi. Leo nimekwenda kuangalia tena. Sisimizi wamerudi.

Nafikiri nichukue chupa moja ya dawa ya Lumbesa, nijaribu kwenye paja langu.

Tata yako,
Machage


Kisaka
8 Mei 1983

Tata,

Shikamoo. Salamu nyingine nitakupa kwa mdomo.

USIJICHOME DAWA YA PAKA. Kipimo chake si chako, itakuangusha. Funga chungu, mpe Shangazi Boke akikalie. Nimeomba ruhusa, nakuja na Method Alhamisi. Umesema hutaki hospitali kwa sababu paka watabaki na nani. Hukusema bado, lakini nakujua, utasema. Watabaki na mimi.

Wegesa wako


Hospitali ya Wilaya, Tarime
Wodi ya wanaume
22 Mei 1983

Kwa binti yangu Wegesa, aliye nyumbani kwangu Itiryo,

Salamu nakupa mimi leo, wewe uitikie. Hujambo? Paka hawajambo? Lumbesa anakula? Akikataa dagaa, mchambulie miba, alizoea vibaya kwangu.

Siku uliyoniacha hapa wamenipima. Yale maji yao ya bluu ya kupimia mkojo yaligeuka rangi ya tofali, daktari akaniita "mzee wa sukari" mpaka nikamkataza. Jioni akaja muuguzi na sindano. Kitanda cha jirani kuna mzee wa Nyamongo, mkubwa kama ghala, alikuwa analia anamwita mama yake. Mimi nikamwambia muuguzi, "Lete hapa." Nikapima mwenyewe, nikatoa hewa, nikashika ngozi, nikachoma. Yule binti akauliza nimefundishwa hospitali gani. Nikamwambia nimefundishwa na paka wawili. Ameandika kwenye cheti kwamba nichunguzwe na kichwa.

Wanaume wa wodi hii sasa wananiita nikawachome wao. Wanasema mkono wangu ni mwepesi.

Wegesa, kuna jambo sijakwambia. Mwaka ule mama yako anaumwa, sisimizi walikuja chini ya kitanda. Mimi nilidhani wanafuata uji uliomwagika. Nilimgombeza kwamba anamwaga uji, na yeye akaniomba msamaha. Nikamwaga majivu ya moto, wakaondoka, nikafurahi. Tulikaa hivyo miezi minne kabla ya kumpeleka. Sindano haikumuua mama yako Mokami. Miaka sita nimeikasirikia sindano kwa sababu yenyewe hainijibu. Nimelala na neno hili siku kumi, leo nimeona nikuandikie, kwa sababu ana kwa ana nisingeweza.

Wanasema nitatoka wiki ijayo. Nimenenepa, nimerudi tundu moja la mkanda. Asubuhi ngoma ya taarifa ya habari ikilia, wewe mchome Lumbesa huko, mimi najichoma huku. Mshike ngozi vizuri nyuma ya shingo, usiwe na haraka kama ulivyo.

Na lile shimo la nyuma ya ghala usilifukie. Nyangwine akija na sheria zake, mwambie nimekataa. Nikirudi nataka niweke kigoda pale, nikae na Lumbesa, tuwaangalie sisimizi wakihama.

Tata yako,
Machage