Sufuria za Mama Hazifungiwi Kufuli

Bujumbura, Alhamisi, Machi 2005

Mvua imepiga tangu alfajiri, mtaa wetu wa Buyenzi wote ni tope, na mimi nina hasira. Nimeingia hapa cyber ya mjini na viatu vyangu vyenye tope, mwenye duka akaniangalia miguu, nikamwangalia usoni, akanipa mashine ya kona. Naandika haraka kabla umeme haujakatika. Na lazima niwahi nyumbani, maana amri ya kutotembea usiku bado ipo, hata kama kila mtu anasema vita vimekwisha.

Mama yangu alifariki mwezi uliopita. Hilo nimeshaliandika humu kwenye blogu. Sikuandika kuhusu sufuria zake kwa sababu nilidhani sufuria ni sufuria tu.

Leo nazungumzia sufuria.

Mtaa mzima walimwita Mama Zaina, na Zaina ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na sufuria mbili za alumini, zile kubwa ambazo ungeweza kumwogeshea mtoto ndani, na mwiko mrefu wa mti uliolika upande mmoja. Ndoa ikifungwa, watu wanakuja kuomba sufuria za Mama Zaina. Mtu akifa, wanaomba hizo hizo. Hakuzikodisha, aliziazimisha bure, na aliwaazimisha wote: Waislamu wenzetu wa Buyenzi, Wakatoliki wa mtaa jirani wa Bwiza, walokole, watu wa kabila hili na wa kabila lile.

Sharti lake lilikuwa moja. Sufuria haitoki bila yeye.

Watu walidhani anaogopa kuibiwa. Si hivyo. Sisi hatupikii chombo kilichopikiwa nguruwe, lakini utamwulizaje mjane aliyefiwa jana, samahani, mtapika nini humu ndani? Mama aliona aibu kuuliza, basi akachagua kuchoka. Alijifunga kitenge, akaenda na sufuria zake, akapika yeye mwenyewe wali na maharagwe kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa Wakristo alipika maharagwe siku zote, ili hata habari ya nani amechinja nyama isiingie. Hakuna aliyeulizwa kitu, na hakuna aliyeona haya.

Miaka ile mibaya ilipofika, mitaa ikagawanyika, mtu wa huku akienda kule hana hakika ya kurudi. Ndugu walimwambia akae nyumbani. Hakukaa. Watu walikuwa wanakufa wengi kuliko wakati wowote, na matanga bila chakula ni nini? Siku moja nilikuwa naye, mkokoteni mbele, sisi nyuma, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Mwenye bunduki alifunua kifuniko, akapekua vitunguu, halafu akamwuliza Mama yeye ni kabila gani.

"Mi? Mi ni mupishi," Mama akasema. "Na nachelewa."

Tulipita. Nilitembea bila kugeuka nyuma mpaka Bwiza. Yeye alikuwa ananung'unika kwamba yule mtu ameshika vitunguu vyake na mikono michafu.

Vita havikumuua. Sukari ndiyo iliyomuua, kitandani kwake, amezungukwa na wanawe. Bado sijaamua kama nishukuru au nilie.

Sasa kufuli.

Mjomba Hamadi, mdogo wake Mama, anaishi nasi kwenye kiwanja kimoja, na tangu msiba yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Wiki hii ameweka kufuli kwenye stoo ya sufuria. Akatangaza mbele ya familia kwamba zitatoka Jumapili tu, kwa hitima ya arobaini, tutakapomsomea Mama Kurani na kulisha watu. Na kwamba hitima ni ya wa kwetu tu. Ataweka mtu getini wa kuangalia nani anaingia.

Nikamwuliza, wa kwetu ni nani?

"Zaina, we unanijua," akasema. "Mi nilizika mutoto. Juma wangu walimutoa mu gari, wakamuua barabarani. Nani wa kule alikuja kulia na mimi? Apana hata mumoja."

Ni kweli Juma aliuawa. Nilimpenda, alikuwa binamu yangu na rafiki yangu. Ni kweli pia kwamba siku tulipomzika barabara zilikuwa zimefungwa, na hata mbwa hakupita kutoka Bwiza kuja kwetu. Mjomba anajua hilo. Lakini amelibeba hivyo miaka yote na sasa limekuwa kama mfupa wake mwenyewe. Machozi yake sina neno nayo, ila kufuli nimelikataa.

Asubuhi ya leo, mvua ikinyesha, akaja Godeliève kutoka Bwiza, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Ni mdogo wake Mama Spès. Mama Spès na Mama waliuza mboga meza moja sokoni tangu mimi sijazaliwa. Godeliève alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Zaina, dada amenituma. Muzee wake ameshatuacha jana. Tunajua kama mama yako hayuko tena, njo maana tunaogopa kuomba. Lakini watu watakuja wengi, na masufuria..."

Marehemu alikuwa kabila gani? Sitaandika. Anayetaka kujua hilo aende akaulize kwingine, hapa ni kwangu.

Nilimwambia arudi, awashe moto, sufuria zinakuja. Mjomba alikuwa ameenda dukani kwake na ufunguo mfukoni. Basi nikavuka barabara kwa Fundi Rashidi, mwenye gereji inayotazamana na geti letu, nikamwomba msumeno wa chuma.

"Wa kukata nini?"

"Kufuli ya mjomba."

Alinitazama, akatazama nyumba yetu. Akachukua msumeno, akaja mwenyewe. "Kwa ndoa yangu alipika mama yako," akasema, na akaanza kukata. Kufuli la Mjomba ni zuri, limemtoa jasho.

Mkokoteni usingepita kwenye tope lile. Fundi Rashidi akafikiri kidogo, akaleta gari la mteja wake, bwana mmoja mkubwa wa Kiriri, mtaa wa matajiri, gari la heshima lenye viti vya ngozi, limeletwa kubadilishwa breki. Sufuria moja ikaingia kwenye buti, ya pili tukaiketisha kiti cha nyuma kama mheshimiwa. Nikamwuliza breki zimeshapona? Akasema tutajua mbele. Nilicheka. Tangu Mama afe sikuwa nimecheka, nikaona aibu, halafu nikaiacha aibu ishuke njiani.

Naomba nikiri hapa kwamba niliogopa. Mama hakuwahi kunifundisha kupikia watu wengi hivyo, mimi nilikuwa mwenye kumenya vitunguu na kukimbia. Na tulipoingia ile njia ya Bwiza niliona wanaume wamesimama mvuani mbele ya nyumba, wakageuka wote kutuangalia, na maneno ya Mjomba yakanirudia yote kwa pamoja.

Mama Spès alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimefungwa kitambaa. Aliona sufuria zinaingia akaanza kulia upya, na sijui kama alimlilia mumewe au Mama. Nadhani wote wawili. Nilijifunga kitenge, nikasema bismillahi, nikabandika maji.

Maharagwe yalikwenda vizuri. Wali ulinitesa. Chini uliungua, juu ulikuwa na kiini, na katikati palikuwa na mahali pamoja pazuri ambapo nilipakulia wazee. Godeliève alionja, akatafuna muda mrefu.

"Mama yako angekupiga na huu mwiko," akasema.

Kisha nikaona jambo lingine. Wanaume walikuwa wanatoka. Mmoja anainuka, anapita nyuma yangu bila kunitazama, anavuka njia na kuingia nyumba ya jirani. Baada ya muda anarudi na mwingine anainuka. Hawakusemezana. Nilijiambia, Zaina, wanakutana kule, wanakuzungumzia wewe. Wanaulizana nani amemwita huyu. Nilitazama geti, nikatafuta Fundi Rashidi kwa macho, hakuwepo, alikuwa amerudisha gari la watu. Nikaendelea kukoroga kwa sababu sikujua mikono niifanye nini.

Mwishowe nilimshika Godeliève mkono. Nikamwuliza kuna nini kwa jirani.

Akanitazama kama vile nimemwuliza jua linachomoza wapi.

"Kule? Kuko bia."

Sikuelewa. Akainama karibu nami, akanong'ona, huku anacheka na machozi yake bado usoni.

"We hujui? Tangu zamani iko hivyo. Sufuria ya Mama Zaina ikiingia, bia inatoka. Kreti zote tunapeleka kwa jirani. Mwanaume akitaka kunywa, anaenda kule, anapanguza mudomo, anarudi. Mbele ya ile sufuria apana, mutu hawezi."

Hapa kwetu Burundi, kwa Wakristo, matanga bila bia si matanga. Bia ndiyo pole yenyewe, ndiyo mkono wa mtu aliyekuja. Na hawa watu, siku ya msiba wao, kwenye nyumba yao, walikuwa wanatoa kreti zao nje na kunywa kwa kujificha kama watoto, ili mpishi Mwislamu asikwazike. Mvuani! Na kwenye vita pia walifanya hivyo, wakati kuvuka njia tu kulikuwa hatari.

"Mama aliwaomba?" nikauliza.

"Hakuomba hata siku moja."

"Alijua lakini?"

"Aa, alijua! Alijifanya haoni. Na sisi tulijifanya kama hatujui anajua."

Nilimpa mwiko ashike. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa sauti, kilio ambacho hakikutoka hata siku ya maziko. Nilimlilia Mama. Na nilikasirika, niseme wazi, nilikasirikia kila mtu aliyewahi kuniambia kwamba hawa si wa kwetu. Mama hakuwauliza kuhusu sufuria, na wao hawakumwuliza kuhusu bia, na hivyo ndivyo walivyoishi wakati wengine wanauana. Hakuna redio iliyotangaza hilo.

Niliporudi, Mama Spès alinivuta mkono nikae karibu naye.

"Mwanangu, arobaini ya mwenzangu ni lini? Tulisikia kama ni Jumapili. Lakini watu wanasema eti sisi hatuwezi kuingia." Akatazama chini. "Kama ni hivyo si vibaya. Tutamuombea hapa hapa."

Si vibaya! Mwanamke amefiwa na mume jana, na anatafuta namna ya kutusamehe kabla hatujamkosea.

Nilisimama. Sikupanga. Nilisema kwa sauti, wanaume waliokuwa wamebaki wakageuka, na nadhani hata wale wa kwa jirani walisikia. Nilisema hitima ya Mama Zaina ni Jumapili, baada ya adhuhuri, Buyenzi, geti linalotazamana na gereji ya Fundi Rashidi, na kwamba wote waliokula chakula chake wanakaribishwa. Nikasema nitapika mimi. Mzee mmoja akauliza wali utakuwa kama huu wa leo? Watu wakacheka kwenye matanga, hata mjane akacheka.

Jioni ilikuwa haijafika nilipozirudisha sufuria nyumbani. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya stoo.

"Kufuli yangu iko wapi?"

Nilimpa, vipande viwili. Alivitazama kiganjani. Nikamweleza nilikokwenda, nikamweleza habari ya bia, nikamweleza nimealika nani. Sikuacha kitu. Aliposikia habari ya bia aliinua kichwa. Akauliza tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea:

"Na kama kukitokea kitu, Zaina? Mi nizike tena?"

Swali hilo ndilo lililonileta kukaa hapa. Anaogopa. Ukali wote ule, na ndani yake ni mtu anayeogopa kuzika tena. Nimemhurumia sana, na sitamtii.

Sufuria hazikurudi stoo. Ziko chumbani kwangu, moja juu ya nyingine, na nimepata shida hata kufungua mlango. Kesho nitajifunza wali kwa mama yake Fundi Rashidi, ambaye ameniambia kwa upole kwamba habari za wali wangu zilifika Buyenzi kabla yangu.

Mjomba, binti yako anasoma humu, najua atakusimulia, basi haya ni yako. Jumapili nitakutandikia mkeka wa mbele, karibu na sheikh, pale panapokaa mkubwa wa nyumba. Mama Spès akiingia atakuja kwako kwanza akupe mkono, maana ndivyo desturi ilivyo, na utakuwa mkono wa mtu aliyefiwa kama wewe. Uupokee, au uuache hewani mbele ya watu wote. Hilo ni lako, siwezi kukufanyia.

Lakini getini hakai mtu.